Karafuu Kwenye Chuma

Nyumba ya jirani yangu wa Ibra, Omani, ilikuwa na harufu mbili. Ukumbini ulipokewa na udi, kama nyumba yoyote ya watu wetu. Ukizidi kwenda ndani, ukafika kwenye kile chumba cha mwisho ambacho ufunguo wake aliuvaa shingoni chini ya kanzu, udi ulikoma ukaanza kusikia karafuu. Wageni walidhani mkewe kaanika viungo. Mkewe akicheka, akiwaambia kuwa karafuu za nyumba ile hazijapata kuonja pilau.

Zilikuwa panga. Alikuwa nazo nne, tatu za Kijapani na moja ya Kiomani aliyoachiwa na ami yake, na zote alizitunza kwa mafuta ya karafuu. Mkewe aliyaita mafuta ya jino, kwani yeye alijua kazi yake moja tu, kuyatia kwenye pamba ukiumwa na jino, na kila alipoyahitaji alikuta chupa tupu. Siku moja aliniambia, mumewe akisikia, kuwa yeye ana wake wenza watatu wa Kijapani na hao ndio wanaopakwa mafuta. Jirani yangu akajibu kwa upole kabisa kuwa wenza hao hawajapata kumuuliza alikuwa wapi.

Nilihamia ubavuni mwao mwanzoni mwa miaka ya tisini, nilipopata kazi ya kusomesha jografia katika skuli ya wasichana. Mume wangu alikuwa na kazi Maskati, akirudi Jumatano jioni na kuondoka tena Ijumaa, kwa hiyo wiki nzima nilikuwa mtoto wa wazee wale. Mimi nikimwita Mzee, yeye akiniita Jirani, hata mbele za watu, na nikimwamkia shikamoo aliitikia marahaba ndefu kama anayejibu kutoka ghorofani. Sasa hayupo. Panga ziko kwa binti yake, ambaye hunipigia simu kuniuliza mambo niliyoyajua kwa kumsikiliza baba yake tu.

Hakumwonyesha upanga mtu aliyetoka kula. Kwetu mgeni hapiti bila tende, halua na kahawa, na jirani yangu hakuwa mtu wa kuvunja ada. Basi sinia ililetwa, mgeni akala, akanywa, na alipotikisa kikombe kuonyesha ametosheka, ndipo yeye aliponyanyuka, si kwenda chumbani bali kuleta birika na sabuni. "Mkono wa halua haushiki chuma," alisema, na kila mtu alinawa, mkubwa kwa mdogo. Kisha aliziba mdomo kwa ncha ya kilemba ili pumzi yake isiguse bapa, na akauchomoa upanga taratibu, makali yakiangalia juu. Wajapani huuinamia upanga kwanza. Yeye alikataa tangu siku ya kwanza. Alimwambia mwalimu wake kuwa kichwa chake kina Mwenyewe wa kuinamiwa, lakini heshima ataitoa, na akasema Bismillahi. Mwalimu akafikiri kidogo, akakubali.

Huyo mwalimu alikuwa mzee mwenye nyumba aliyoipanga huko Japani. Jirani yangu alikuwa ametoka Unguja miaka michache kabla, akapata kazi Omani katika mambo ya umeme, na serikali ikampeleka Japani kujifunza mitambo. Baridi ilimtesa, lugha haijui, chakula anakikagua kijiko kwa kijiko. Jioni moja mzee wa nyumba alimwita chumbani kwake, akaweka kitambaa, akachomoa upanga wa babu zake, na chumba kikajaa karafuu. Huko panga hupakwa mafuta yenye karafuu tangu enzi na enzi, lakini yeye alikuwa hajui. "Sikulia nilipoondoka Unguja," alinisimulia. "Nikalia pale, mbele ya mtu asiyeweza hata kulitamka jina langu." Yule mzee alidhani mgeni wake kaogopa, akaurudisha upanga alani haraka. Ilichukua siku kadhaa na ishara nyingi za mikono mpaka akaelewa.

Nilimuuliza kama ana hakika karafuu zile zilitoka kwetu. Mtu huyu hakukubali kitu bila ushahidi; angeweza kukaa na upanga wiki nzima kabla ya kusema neno. Lakini hapo alinitazama kwa mshangao. "Za wapi nyingine?" akasema, na mazungumzo yakaishia hapo.

Alijifunza kwa yule mzee kwa muda wote aliokuwa huko, na aliporudi alirudi na upanga mmoja wa zawadi na ugonjwa wa kutafuta nyingine. Umaarufu ulikuja wenyewe. Watu walitoka Maskati, Sur, hata Dubai, na panga walizorithi au walizonunua safarini, wakitaka kujua kama ni za kweli. Wengi walimwonyesha mpini na ala, maana huko ndiko kwenye nakshi. Yeye aliviweka kando vyote. Alisukuma kile kijiti cha mwanzi kinachoshikilia mpini, akauvua, na kuangalia msuka, kile kipande cha chuma kinachojificha ndani ya mpini ambacho mwenyewe huenda hajapata kukiona maisha yake. Hapo ndipo mhunzi huchonga jina lake, na hapo ndipo kutu hukaa bila kusumbuliwa. Alitufundisha kuwa kutu ya miaka mingi ina rangi ya halua nyeusi na haitoki ukiigusa. Kutu ya kupikwa ni nyekundu na hubaki kidoleni.

Bwana mmoja mkubwa wa Maskati alileta upanga wenye mpini wa kupendeza na jina la mhunzi mkubwa kwenye msuka. Alikuwa ameshautundika kwenye majlisi yake na kuwasimulia wageni. Jirani yangu aliutazama, akakipangusa kidole chake kwenye kitambaa cheupe, akamwonyesha alama nyekundu. "Jina la babu, kutu ya mjukuu," akasema. Yule bwana aliondoka bila kuaga vizuri. Mke wa jirani yangu alikuja juu baadaye, kwamba mgeni kasafiri kwa gari saa mbili na kitu, kulikuwa na ubaya gani kumdanganya kidogo? Jirani yangu alijibu kuwa akidanganya leo kwa upanga mmoja, kesho hata zile za kweli alizozisemea zitakuwa za uongo, na wenyewe watamjia juu kwa haki. Mkewe akasema basi, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti, lakini kuna watu wanaoishi vizuri tu na mkakasi wao. Jirani yangu alicheka mpaka akakohoa.

Ukweli huo ulikuwa wa panga peke yake. Kwa sukari alikuwa mwongo wa kutupwa. Daktari alimkataza halua na tende, na kila siku aliapa kuwa hajagusa, huku ndevu zake zina ufuta. Mara ngapi nilimkuta jikoni kwangu, ati kaja kuangalia swichi, na sinia yangu imepungua kona moja. Nami sikumsema, kwa sababu alikuwa ameshanitengenezea swichi kweli.

Na mtu huyu aliyelala na makali chumba cha pili alikuwa anaogopa damu. Siku ya Idi ya kuchinja alijifungia ndani na redio, akimwachia shemeji yake kazi ya mbuzi. Watoto wa mtaa walimtania kuwa panga zake zote hazijaua hata kuku. Aliwaambia ndiyo maana zinapendeza.

Jumatano ilikuwa siku yake ya mateso. Ibra ina soko la wanawake siku hiyo, na mwanamume hakanyagi. Wajane na vikongwe huja na nguo, manukato na fedha za kizamani, na mara moja moja jambia au kisu cha marehemu mume. Jirani yangu alijua kuwa mle ndani vinapita vitu ambavyo hatavipata popote, na hawezi kuingia. Basi alitupeleka mkewe na mimi, ambaye Jumatano sikuwa na vipindi, kwa gari lake, akaegesha ukutani, akateremsha kioo, akangoja juani. Sisi tulikuwa macho yake. Tulikwenda, tukaangalia, tukarudi dirishani kumsimulia, halafu anaturudisha tena kuangalia upande wa pili.

Mwanzoni nilikuwa nikirudi na kusema nimeona jambia zuri sana. Alikunja uso kama aliyeng'atwa. "Usinambie uzuri, Jirani," alisema. "Nambie umeona nini." Ilinichukua miezi kujifunza kusema nilichokiona: pembe ina ufa, mishono ya ala ni mipya, pete ya kushoto haifanani na ya kulia. Kazini nilijikuta nawasomesha wasichana wangu ramani namna ile ile. Nikiwauliza kwenye ramani kuna nini, anayeniambia kuna mlima mzuri namrudisha ubaoni.

Kitu kimoja tu alikidharau waziwazi. Wakati wa vita vikuu vya pili jeshi la Japani lilitengeneza panga za maafisa wake viwandani, nyingi kama sahani, na kuzipiga mhuri mdogo kwenye msuka. Hazikufuliwa na mhunzi kwa mkono, hazina jina wala ukoo. Jirani yangu aliziita sufuria. Mfanyabiashara mmoja wa Dubai alimletea moja, naye akagusa mgongo wa bapa, akavua mpini, akauona mhuri, akamrudishia bila kupaka hata tone la mafuta. Alimwambia aipeleke jikoni ikaungane na wenzake. Nilimwona mara ile tu akikosa adabu kwa mgeni, na nadhani baadaye alijuta, maana alimpa tende za kuchukua njiani.

Sukari ikaingia machoni, kama daktari alivyosema itafanya. Kwanza alisogeza taa, kisha akanunua kioo cha kukuzia, kisha akaanza kuwaambia watu waache panga zao kwake wiki moja, halafu wiki mbili. Mkewe alijua, mimi nilijua, na yeye alijua kuwa tunajua. Siku moja alinipa upanga wa yule mzee wa Japani, akaniambia niuangalie ule mstari wa mawingu unaokwenda kandokando ya makali, aliosema ndio roho ya kazi ya mhunzi. Nikamwelezea nilivyouona. Alisikiliza amefumba macho. "Bado upo," akasema, na nikaelewa kuwa yeye hauoni tena. Nilirudi kwangu nikalia, kwa sababu nilimpenda mzee yule na hakukuwa na la kufanya.

Tangu hapo aliwakataa wageni. Alisema amechoka, amestaafu, waende kwa wengine, na wengine hawakuwapo. Ndiyo maana siku alipokuja bibi mmoja kutoka mji wa Bidiya nilishangaa alipofunguliwa mlango.

Nadhani mkewe ndiye aliyemwombea. Bibi yule alikuwa wa familia ya Tabora, mwembamba, umri umemwinamisha mgongo, na mjukuu wake wa kiume, kijana wa kazi ya benki, ndiye aliyemleta kwa gari. Walikuwa na upanga uliozungushiwa kanga. Tulikula tende, tukanywa kahawa, akatikisa kikombe, akanawa mikono kabla hajaambiwa. Kisha akatusimulia.

Alikuwa na kaka, baba mmoja, aliyetoroka nyumbani Tabora akajiandikisha jeshini kuwa dereva wa lori, akapelekwa vitani Burma. Yeye alikuwa mtoto mdogo, na kaka huyo ndiye aliyekuwa akimbeba mabegani. Vita vilipokwisha hakurudi. Alirudi mwenzake, na upanga huu, akasema kaka kaupata kwa afisa wa Kijapani aliyejisalimisha, na kwamba wiki chache baadaye lori lake lilipinduka mtoni na hakutoka. Baba aliamini. Lakini mtaani watu walisema yule mwenzake mwongo, upanga kaununua sokoni Bombay ambako walikuwa wakiwauzia askari panga za bandia, na kaka yuko India, kaoa, ana watoto. Baba alitaka isomwe hitma ya kumwombea kama marehemu. Bibi, mtoto mdogo wakati huo, alilia mpaka akazimia, kwamba kaka hajafa. Hitma ikaahirishwa, baba akafa, na tangu siku hiyo mpaka leo hakuna aliyeruhusiwa kumwita kaka yake marehemu mbele yake. Walipohama kuja Omani, akauchukua upanga pamoja na nguo zake.

"Ukiwa wa bandia, yule mtu alitudanganya," alisema bibi. "Na kama alitudanganya, basi kaka yangu huenda ameishi. Hata kama sasa ameshazeeka akafa, aliishi. Ukiwa wa kweli…"

Jirani yangu akamuuliza, kwa sauti ya mtu anayebisha hodi kwenye chumba cha mgonjwa: "Bi Mkubwa, unataka niseme nitakachokiona? Au tunywe kahawa tu, uende na upanga wako?"

"Kahawa nimekunywa miaka yangu yote," akajibu bibi. "Sema."

Akasema Bismillahi, akaziba mdomo kwa kilemba, akachomoa. Vidole vyake vilipita kwenye mgongo wa bapa, vikasimama. Akavua mpini, akagusa msuka, na mkono wake ukarudi nyuma. Palikuwa laini kama kijiko.

"Nani kauosha?" akauliza.

Mjukuu akainamisha kichwa. "Sori, Mzee. Tuliona haya kuleta kitu chenye kutu mbele ya mtu mzima. Nikaupeleka Nizwa, fundi wa majambia akaupiga polishi. Wote, mpaka ndani."

Kwetu jambia huenda kwa fundi likang'arishwa kabla ya Idi na kabla ya harusi. Kumletea mzee kitu kichafu ni kumkosea. Kijana yule alifanya heshima, na heshima yenyewe ilikuwa imefuta ushahidi wote wa kutu. Jirani yangu angeweza kumwambia hivyo. Badala yake alimwambia amefanya vizuri, kwamba upanga umependeza, na nikajua anasema uongo wa namna ile ya sukari.

Alirudisha kidole kwenye msuka, polepole, kwa ukucha. Mahali pamoja akasita. Akaniomba ile karatasi yangu nyembamba ya kunakilia ramani na penseli laini. Nikakimbia kwangu nikaleta. Akailaza karatasi juu ya chuma, akaibana kwa kidole gumba, akaanza kusugua penseli huku na huku, kama watoto wanavyonakili sarafu. Karatasi haikusogea. Kisha akanipa.

"Jirani," akasema. "Usinambie uzuri."

"Naona kiduara," nikasema. "Kikubwa kama punje ya choroko. Kimekatika kwa juu."

"Ndani yake?"

"Michirizi. Upande wa kulia umefutika. Upande wa kushoto kuna kitu kama kidirisha."

"Kimesimama au kimelala?"

"Kimesimama. Kina vioo viwili, cha juu na cha chini."

Alifumba macho. Nilijua mhuri gani, kwa sababu nilishausikia ukitukanwa mara nyingi chumbani mle. Ilikuwa sufuria. Upanga wa kiwandani, usio na jina, usio na ukoo, kama ule wa mfanyabiashara wa Dubai ambao hakuupaka hata tone la mafuta. Nilimwangalia, naye alikuwa amekaa na msuka mikononi kama mtu aliyeshikishwa mtoto.

"Bi Mkubwa," akasema mwishowe, "waliouza panga za bandia kwa askari walighushi majina ya wahunzi wakubwa. Hakuna aliyehangaika kughushi mhuri huu, maana hauna thamani kwa mnunuzi. Huu ulipigwa kiwandani Japani, miaka ile ile ya vita, kwa ajili ya afisa wa jeshi. Upanga mzuri wa zamani ungeweza kutoka popote. Huu umetoka vitani." Akapumua. "Yule mtu hakuwadanganya kuhusu upanga. Zaidi ya hapo chuma hakijui, na mimi sijui."

Bibi hakulia. Alitazama upanga kwa muda mrefu. Mkewe jirani yangu alisogea akakaa karibu naye, bega kwa bega.

Jirani yangu akapapasa pembeni yake, akapata chupa. Akatia mafuta kwenye kitambaa chake cha hariri, kile asichomruhusu mtu kukigusa, akaupaka upanga ule kutoka kwenye msuka mpaka nchani, kisha akarudia upande wa pili, akichukua muda wake kama anavyoupaka wa yule mzee wa Japani. Chumba kikajaa karafuu. Alipomaliza aliurudisha mpini, akapachika kijiti, akautia alani, na akausukuma juu ya mkeka mpaka ukafika mbele ya bibi.

Bibi akaushika kwa mikono miwili, akauweka mapajani.

"Mpigie mama yako," akamwambia mjukuu wake. "Mwambie Ijumaa tunasoma hitma."

"Ya nani, Bibi?"

"Ya marehemu kaka yangu," akasema.

Jirani yangu akasema Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Halafu akageuza uso kuelekea sauti ya bibi ilikotoka, akaweka mkono kifuani, kama anavyohaniwa mtu ambaye habari ya msiba imemfikia asubuhi ile ile.

"Pole na msiba, Bi Mkubwa," akasema.

"Nimeshapoa, kaka," bibi akajibu.